Kadi Mbili na Kipande cha Nkanka

Nyinyi mnaopita kwangu hapa Kamembe na simu mkononi, mkinionyesha picha za kadi mbili na kuniuliza, "Maman Hadija, kati ya hizi nichukue ipi?", leo nitawajibu wote kwa pamoja. Nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake huku chai yangu inapoa. Mimi nimestaafu. Maisha yangu ya kazi yote nilikaa mbele ya kompyuta nikiunganisha video za harusi, kazi ambayo huku kwetu tunaiita montaji, na macho yangu sasa yanataka kutazama ziwa tu. Lakini swali hilo nalipenda bado, siwadanganyi. Niwekee kadi mbili mezani, nitasahau hata goti linaloniuma.

Kwa asiyejua, kadi ya picha ni kile kifaa ndani ya kompyuta kinachopiga hesabu za kila kinachoonekana kwenye skrini. Ukiwa unaandika barua tu, huna haja ya kadi kubwa. Ukitaka kukata video, kupaka rangi, kupunguza mwendo pale bibi harusi anapogeuka, bila kadi ya maana utakaa unasubiri mpaka bibi harusi ajifungue.

Mara ya mwisho nilipolinganisha kadi mbili haikuwa kwa ajili ya mchezo wala ya biashara. Ilikuwa kwa ajili ya Maman Devota wa Nkanka. Mumewe, Mzee Anselmi, amekwisha kufariki, na mjukuu wao Solanje alikuwa anaolewa. Maman Devota alitaka mzee aonekane na asikike siku ile, mbele ya wakwe wapya. Mahali pekee duniani alipobaki akizungumza ni ndani ya video yangu ya kupimia kadi. Nitafika huko, ila nianze na Papa Gaspari, maana bila yeye nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Papa Gaspari alikuwa fundi wa Bukavu. Kila asubuhi alivuka mpaka na begi lake la bisibisi, akaja kufanya kazi Kamembe kwa sababu, alisema, huku wateja wanalipa na kule wanasalimia. Yeye ndiye aliyenifundisha. Siku moja mteja alileta kadi mbili, akataka ajue iliyo bora. Papa Gaspari akavaa miwani, akaweka ya kwanza, akajaribu, akaitoa, akaweka ya pili. Mchana mzima. Majibu yakatoka yaleyale, hata tofauti ya kuonea huruma haikuwepo.

"Unaona, Hadija?" akasema. "Ba wenye maduka bako natudanganya. Hizi karte zote ni moja, banabadilishaka tu kartoni."

Mteja akaenda zake ameridhika. Mimi niliinama kuokota skrubu iliyoangukia nyuma ya meza, nikaona waya wa skrini umechomekwa kwenye bodi ya kompyuta yenyewe, si kwenye kadi. Mchana mzima tulikuwa tunapima kitu ambacho hatukukigusa. Nikamwonyesha. Akautazama ule waya, akatazama dirishani, akanitazama mimi.

"Leta chai kwanza," akasema.

Tulimkimbilia mteja tukamkuta stendi, na kwa bahati alikuwa mtu wa kucheka. Tangu hapo, kabla sijawasha chochote, naenda nyuma ya mashine kutazama waya umeingia wapi. Fanyeni hivyo hata kama mna diploma.

Halafu kuna hili la feni. Sijui nani alianza kuwaambia watu kwamba kadi yenye feni nyingi ndiyo yenye nguvu. Ndugu wawili wa Mururu walinunua kadi yenye feni tatu kwa sababu jirani yao alikuwa na ya feni mbili. Walipofika nyumbani haikuingia, boksi la kompyuta lilikuwa fupi. Mtu mwingine angerudi dukani. Wao walichukua msumeno wa chuma wakakata boksi, bodi ikiwa bado imo ndani, na unga wote wa chuma ukaingia humo. Kadi ilipona. Kila kitu kingine kilikufa. Waliponiletea nilicheka mpaka wakakasirika, kisha wakaanza kucheka na wao. Feni ni za kupoza tu, jamani. Pimeni urefu kabla hamjatoa pesa.

Sasa namba. Kwenye kila boksi zimeandikwa namba, na nyinyi mnazisoma kama matokeo ya mpira, mkubwa kamshinda mdogo. Haziko hivyo. Mimi hutazama tatu au nne tu. Kuna kumbukumbu ya kadi yenyewe, inayohesabiwa kwa gigabaiti, nayo ni ukubwa wa meza ya jikoni. Kuna kasi ya kadi, ambayo ni mikono ya mpishi. Mpishi mwepesi kwenye meza finyu ataangusha sahani, na mzito kwenye meza pana atawachelewesha wageni. Kuna umeme unaoliwa, maana kadi ikidai kuliko kinachotolewa na kile kisanduku cha umeme ndani ya mashine, kompyuta inazimika hapohapo bila kuaga. Na kuna umri, kwa sababu kadi mpya huwa na ufundi wa kubana video ambao ya zamani haina, hata kama ya zamani ni kubwa.

Kama kadi imetumika, inuse. Msicheke. Iliyoungua ina harufu yake, haifutiki kwa kitambaa. Tazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimelika, kuna aliyeifungua kabla yako, muulize kwa nini. Zungusha feni kwa kidole. Kisha ifanyishe kazi nzito mpaka ipate moto kweli, maana dakika za mwanzo kila kadi ina adabu. Na mjue mtakapoitumia. Niliwahi kupima kadi moja kwa mteja wa Nkungu, kule juu kwenye baridi, ikafanya kazi kimya kabisa. Akamuuzia shemeji yake wa Bugarama, bondeni kwenye joto, na wiki hiyohiyo shemeji akawa analala na feni ya ukutani imeelekezwa kwenye kompyuta, yeye anatoka jasho.

Lakini namba hazitoshi. Papa Gaspari alinifundisha kuwa na video moja ya kupimia, ileile kila mara, miaka yote. Ukibadilisha video, umebadilisha mizani. Kuipata haikuwa rahisi. Nyinyi mnajua kazi yangu ilianzia upande wa wanawake: sherehe za hina za mabinti wa Kiislamu hapa mjini, ambazo kamera ya mwanamume haiingii, na mimi nikawa ndiye kamera. Video zile ni amana. Nilizikata mlango umefungwa na sikuweza kuzifungua mbele ya wateja wanaume eti napima kadi. Basi nikachagua kipande kutoka kwenye gusaba moja ya Nkanka, ile siku familia ya mwanamume inapokuja kuomba binti, pande mbili zinakaa zinatazamana na kutaniana mpaka ng'ombe wakubaliwe.

Kipande kile kilikuwa na kila kinachoitesa kadi. Nyuma kuna ziwa linametameta, kuna migomba inapepea, kuna shangazi mmoja amevaa dantela nyeupe, kitambaa chenye matundu madogomadogo. Kadi mbovu huifanya ile dantela kuwa uji. Na mbele kabisa kuna uso wa mtu anayezungumza, Mzee Anselmi mwenyewe, mfanyabiashara wa samaki aliyetokea upande wa Bukavu, baba wa binti. Msemaji wa familia alikuwa amemwambia akae kimya kama ilivyo desturi. Akasimama kwa nguvu.

"Bakwe," anasema mle ndani, "huyu mutoto wangu anakulaka sana, sitaki museme niliwaficha. Siku mutachoka naye, mumurudishe tu. Sahani yake iko palepale."

Halafu anacheka kwa mdomo wazi, na watu wote wanacheka. Niliisikia sentensi hiyo kila kadi mpya ilipoingia mjini. Kila aliyepita studio yangu aliijua kwa moyo, na tulikuwa tukiitumia kama salamu. Mtu akichelewa kazini, tunamwambia sahani yake iko palepale.

Basi, mwaka huu Maman Devota alikuja. Diski waliyopewa siku zile ilikuwa imechunika yote kwa unyevu wa ziwa, haisomeki. Hakuniamkia hata, alisimama mlangoni.

"Hadija, bwana yangu uko naye?"

"Niko naye, Maman. Nilimuona juzijuzi tu."

Akakaa akalia kidogo, kisha akataka chai. Kukodi skrini kubwa kama ukuta wa nyumba, familia ilikuwa imekwisha kukodi. Alichotaka ni mumewe aijaze ile skrini, awe mkubwa, ili wakwe wapya wamwone vizuri. Nikamwahidi. Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, maana kipande kile kilitoka kwenye kamera ya zamani, na picha yake ni ndogo. Ukiivuta ijaze ukuta, unapata vigae vya rangi badala ya mtu.

Siku hizi kuna programu za kukuza video, zinazojaza zenyewe kile ambacho hakikuonekana. Zinataka kadi yenye nguvu. Mpwa wangu Salima, ambaye ndiye mwenye studio sasa, pamoja na mwenzake Patriki, kijana wa Bukavu, walikuwa tayari wanatafuta kadi mpya. Mwenye duka mmoja ananifahamu tangu zamani, akakubali tujaribu mbili kabla ya kuchagua. Tukazipa majina. Mwembamba ilikuwa ya kizazi kipya, fupi, inakula umeme kidogo, ina kasi, ila kumbukumbu yake ni gigabaiti nane. Bonge ilikuwa ya kizazi cha nyuma yake, ndefu, nzito, inakula umeme kwa pupa, kasi yake ya chini kidogo, lakini ina gigabaiti kumi na mbili.

"Shangazi, Mwembamba njo ya kuchukua," Salima alisema. "Kazi yetu ya kila siku ni harusi, na harusi inataka mbio."

"Hapana," Patriki akasema. "Memwari njo kila kitu. Nane itajaa mbele hata muzee afungue kinywa."

Mimi nilikuwa upande wa Patriki, na nilisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda. Tukachomeka, nikaenda nyuma kutazama waya, wakacheka.

Kwa kazi ya kawaida Mwembamba iliiacha Bonge njiani. Video ya harusi nzima ilitoka na mashine hata haijapata joto. Salima akaniangalia bila kusema kitu, na huyo akinyamaza ndiyo kelele yake. Tulipoingia kwenye kukuza kipande cha Nkanka, mambo yakageuka. Programu ile inatazama picha nyingi kwa pamoja ili uso usibadilike kutoka picha moja hadi nyingine. Kwenye Mwembamba kumbukumbu ilijaa, ikakataa. Salima akapunguza idadi ya picha zinazotazamwa pamoja, ikakubali, lakini uso wa mzee ukawa unachezacheza, mara shavu limevimba, mara limeingia ndani.

"Uko natafuna nini huyu?" Patriki akauliza.

Tukaweka Bonge. Ikaanza vizuri, halafu mashine ikazimika yote. Kisanduku chetu cha umeme kilikuwa dhaifu kwa tumbo lile. Hapa ndipo uzee unapofaa: kuna mahali kwenye programu ya kadi unapoiambia isile zaidi ya kiasi fulani. Nikaibana kidogo, kidogo tena, mpaka mashine ikaacha kuzimika. Ikaenda polepole, lakini ikaenda. Mchana wa siku ya pili Mzee Anselmi akatokea amejaa skrini, uso umetulia, dantela ya shangazi unaweza kuhesabu matundu yake. Patriki alipiga makofi. Nilifurahi mno, nikamwambia Salima akanunue Bonge kabla mwenye duka hajabadili mawazo.

Tukamwita Maman Devota. Aliketi kwenye kiti changu, akatazama kipande chote mpaka mwisho, mikono juu ya mapaja. Alitabasamu kwa heshima.

"Ni muzuri sana," akasema. "Lakini huyu muzee ni nani?"

Patriki akarudisha video mwanzo. Maman Devota akainuka, akagusa skrini kwa kidole, pale mdomoni.

"Anselmi alikuwa na pengo hapa. Ile jino ilitokaka mbele hata tuoane. Mimi nilimupendaka na pengo yake. Huyu mumemupa meno yote."

Tukasimamisha picha. Kweli. Mzee anacheka, na mdomo umejaa meno meupe yamepangwa kama ya mtu wa tangazo. Hata kovu dogo la juu ya nyusi lilikuwa limesafishwa. Miaka yote ile nilitazama dantela na maji, uso nilikuwa nauona kama sehemu ya mtihani tu. Iliniuma, nawaambia wazi. Kamera ya zamani haikushika vizuri yale yaliyokuwa mdomoni, kwa hiyo programu ilikisia, na ilikisia kwa nyuso za watu wengine ilizofundishwa nazo. Ndani ya lile jino hakuna kitu cha Anselmi. Mwembamba ilikisia vibaya, Bonge ilikisia vizuri, na zote mbili zilikuwa zinakisia.

"Tunaweza kuitoa ile jino," Patriki akasema. "Nitachora pengo."

"Utachora pengo ya nani?" Maman Devota akauliza, bila hasira. "Nionyeshe ile ya zamani."

Nikamfungulia kipande chenyewe, kidogo katikati ya skrini nyeusi. Kwenye picha ile ndogo pengo halionekani kama pengo, ni doa jeusi tu linalokuja na kwenda akicheka. Maman Devota alicheka pamoja naye, palepale alipocheka yeye. Akasema ndiyo huyu, na huyuhuyu ndiye aende.

"Maman, itakuwa kadogo sana," Salima akamwambia. "Bantu ba nyuma habataona kitu."

"Basi batasogea."

Aliondoka na kutuachia kazi ya dakika chache: kusafisha upepo kwenye sauti, basi. Salima akanunua Mwembamba. Alikuwa na haki, harusi ndizo zinazomlisha, na mpaka leo kadi ile haijamsumbua hata siku moja. Akiniona njiani ananiuliza, "Shangazi, Bonge hajambo?" Namjibu kwamba anamsalimia.

Jumamosi ya gusaba ya Solanje nilikwenda Nkanka na vijana wangu, Salima na Patriki, na sikulala vizuri kabla yake. Nilimwahidi yule mama mume mkubwa kama ukuta, na nilikuwa nampelekea mume wa saizi ya dirisha. Mahema yalikuwa yamefungwa upande wa ziwa, wakwe wapya upande mmoja, sisi upande wa pili, skrini katikati. Utani wa ng'ombe ulipokwisha, Patriki akawasha. Kwenye ule ukuta mweusi kikatokea kidirisha kidogo, na ndani yake mzee anasimama na msemaji anamvuta koti akae. Watu wa nyuma wakaanza kunung'unika. Nikatazama viatu vyangu.

Halafu nikasikia kiti cha plastiki kinaburutwa. Kikaburutwa kingine. Mzee mmoja wa upande wa wakwe alikuwa amebeba chake kichwani. Ndani ya muda mfupi mstari uliotenganisha familia mbili haukuwepo tena, wote walikuwa wamebanana mbele ya kidirisha kile, magoti kwa magoti, wanawake wamepakata watoto wasio wao. Ndipo sauti ya Mzee Anselmi ikafika: huyu mutoto wangu anakulaka sana. Vijana wangu wote wawili wakawa wanatamka naye kwa midomo kimyakimya. Sahani yake iko palepale. Akacheka na doa lake jeusi, na video ikaisha.

Maman Devota alikuwa amesimama, hakutumwa na mtu, na msemaji hakuthubutu kumvuta nguo. Akawageukia wakwe waliokaa miguuni pake.

"Na ya Solanje nayo," akasema, "iko."

Walicheka mpaka mtu akaanguka na kiti chake. Kisha chakula kikaletwa, na hakuna aliyerudi kukaa upande wake.